Severide wa Chicago Fire: uongo uko kwenye moto, ukweli uko kwenye bega

Swali: Shikamoo afande. Mimi niko Morogoro, nina mdogo wangu kamaliza form six, usiku kucha anaangalia Chicago Fire na amemganda yule Kelly Severide mpaka anatembea kama yeye. Sasa anataka kuomba Zimamoto. Mama anasema pale ni uigizaji mtupu hamna kazi ya hivyo duniani, mdogo wangu anasema ni kweli tupu. Naomba mtu anayeijua kazi aniambie, huyu Severide ni wa kweli kiasi gani? Tumkataze au tumuache? Halafu na mimi nina langu, Casey alienda wapi jamani, atarudi?

Marahaba dada yangu, na mama mpe shikamoo yangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu hata vijana niliowafundisha kozi walikuwa wananiletea hiyo tamthilia kila siku, afande mbona Severide anafanya hivi, afande mbona sisi hatufanyi vile, ikabidi niikalie chini niiangalie tangu sizini ya kwanza ili nisiwe nawajibu kwa kubahatisha. Na nilichokiona ni kinyume na anachoamini mdogo wako na kinyume pia na anachosema mama. Yale mambo yanayoonekana ni kazi yenyewe, moto, moshi, kuruka dirishani, pale ndo kuna uongo mwingi. Na yale ambayo watu wanaona ni chumvi ya kuuza tamthilia, bega linalouma akalificha, ugomvi wake na Casey, kupotea kwake baada ya msiba, hayo ndo ya kweli kabisa kuliko yote.

Kwanza tuelewane huyu mtu ni nani, maana kuna wengine watasoma hapa hawamjui. Chicago Fire imeanza kuonyeshwa NBC Oktoba 2012 na inahusu kituo kimoja cha kubuni cha zimamoto mjini Chicago, Firehouse 51. Severide, anayeigizwa na Taylor Kinney, ni luteni wa Squad 3. Mwenzake na hasimu wake alikuwa Matthew Casey wa Truck 81, huyo aliigizwa na Jesse Spencer, na juu yao alikuwa Chifu Boden mpaka alipopandishwa cheo mwisho wa sizini ya 12. Kituo unachokiona ni kituo cha kweli, ni cha Engine 18 pale Blue Island Avenue na askari wa kweli wanalala humo na kutokea humo kwenda kwenye matukio. Na yule Tony wa kwenye Squad, yule asiyeongea sana, ni zimamoto wa Chicago wa kweli aliyeingizwa kwenye uigizaji, ukimuangalia anavyoshika vifaa utaona mkono wake hauulizi. Kwa hiyo mama asiseme hamna kitu pale.

Mgawanyo wa kazi nao ni sahihi. Kwa Wamarekani gari la engine ndo lenye maji na mipira, wale kazi yao ni kuuwekea moto maji. Truck ina ngazi na zana za kuvunjia, wale wanafungua milango, wanapanda paa, wanatafuta watu vyumbani. Squad ndo hao kina Severide, uokoaji maalum, mtu kabanwa kwenye gari au kwenye mashine, jengo limeanguka, mtu katumbukia shimoni. Kwetu haijagawanyika namna hiyo, gari moja linakwenda na watu wale wale wanafanya yote, lakini kazi ya Squad mdogo wako ameshaiona kwa macho yake hapa hapa nyumbani, lile ghorofa la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024, wale waliokuwa wanatambaa kwenye vifusi wanawaita watu na kunyamaza kusikiliza kama kuna anayejibu, ile ndo kazi ya Severide hasa, na unaona yenyewe haina mbio, ni saa nyingi za kutoa tofali moja moja na kuogopa kutoa lile lisilotakiwa kutolewa.

Sasa uongo. Uongo mkubwa wa tamthilia yoyote ya zimamoto ni kwamba ndani ya nyumba inayoungua unaona. Severide anaingia sebuleni, moto wa rangi nzuri ya chungwa umejipanga pembeni, katikati kuna njia, anamwona mtoto kule mwisho, anambeba anatoka. Wanaoigiza moto kwa kawaida wanatumia gesi inayopita kwenye mabomba, inawaka safi haina moshi mwingi, na lazima iwe hivyo maana ukiweka moshi wa kweli mtazamaji ataona skrini nyeusi saa nzima. Moto wa nyumba ya kweli, wenye sofa na mapazia na redio na ndoo za plastiki, moshi wake ni mweusi mzito unashuka kutoka darini mpaka magotini na tochi yako inaishia mbele ya pua. Kwenye mafunzo tunawafunika vijana macho au tunawaingiza kwenye chumba cha moshi, tunawaambia tafuta mtu, na cha kwanza wanachojifunza ni kwamba mkono mmoja hautoki ukutani. Unatambaa, mkono wa kulia ukutani, mguu au mkono wa kushoto unafagia sakafu, ukigusa kitu laini unasimama unakipapasa, ni mto au ni mtoto? Mwenzako ameshika kiatu chako au kamba. Ukitoka ukutani umepotea, na kuna askari duniani wamefia mita chache tu kutoka mlangoni kwa sababu walitoka ukutani.

Na hapo hapo kwenye kelele. Kwenye tamthilia wanaongea, tena wanaongea mambo ya moyoni. Ndani ya maski unasikia pumzi yako mwenyewe, valvu inavyofungua na kufunga, redio inakoroma, na kama kuna mtu ameanguka utasikia kile kifaa chake kinacholia chenyewe mtu asipotikisika kwa nusu dakika hivi. Ile sauti ni kali na mbaya na ukiisikia unaacha kila kitu. Mtungi wa hewa nao unaandikwa dakika 30 au 45 lakini hizo ni za mtu aliyetulia, ukiwa unatambaa na mzigo wa kilo 20 na kitu mwilini na moyo unakwenda mbio mtungi wa dakika 30 unaweza kuisha hata kabla ya 20. Kengele ya hewa kidogo inalia ikibaki theluthi moja, na mtu mwenye akili ameshaanza kutoka kabla haijalia. Severide mara ngapi umeona anavua maski ndani ampe mwathirika apumue? Ni tendo la huruma na najua kwa nini wanaliandika, lakini ukivua maski kwenye moshi ule pumzi mbili tatu zinakutosha, sasa wanaokuja wana watu wawili wa kubeba badala ya mmoja. Na kule Marekani kuna sheria kabisa ya usalama kazini, wawili wanaingia pamoja na wawili wamesimama nje wamevaa tayari kuwafuata. Severide anaingia peke yake. Mdogo wako hapo ndo asimuige, yani hapo mwambie kwa sauti ya juu.

Ila sasa angalia episodi ya kwanza kabisa, ndo nafikiri walioandika walikaa na mazimamoto wakawasikiliza kweli. Tamthilia inaanza kwa kifo, Andy Darden, zimamoto mwenzao na rafiki wa Casey na Severide wote wawili, anakufa kwenye moto wa nyumba, na mwanzo wa sizini hiyo hao wawili hawaangaliani usoni, kila mmoja anasema wewe ndo ulimuua. Watazamaji wengi wanadhani ule ni ugomvi wa kupandikiza tu ili tamthilia iwe na utamu. Hapana. Kiini cha ule ugomvi ni kufungua nyumba, nani afungue wapi na lini, na hilo ni moja ya mambo mazito kuliko yote kwenye kazi yetu.

Ngoja nilieleze vizuri kwa sababu hata mama atalitumia. Moto unakula vitu viwili, kitu cha kuungua na hewa. Zamani nyumba ilikuwa na mbao na pamba na katani, chumba kikishika moto ilichukua muda mrefu kuchachamaa. Siku hizi sofa ni sponji, godoro ni sponji, kapeti ni nailoni, vyote hivyo asili yake ni mafuta ya petroli. Wamarekani wa maabara ya UL walichoma vyumba viwili kwa kulinganisha, kimoja cha samani za zamani na kingine cha kisasa. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa mpaka chumba kizima kuripuka moto kwa pamoja, kile tunachoita flashova, cha kisasa hakikufika hata dakika tano. Flashova ikitokea hakuna aliyemo ndani anayepona, hata aliyevaa vazi zima la zimamoto ana sekunde chache tu, joto liko nyuzi 500 mpaka 600 na linapanda.

Sasa kwa vile moto wa kisasa una chakula kingi mno, kinachouzuia usifike hapo ni hewa tu. Unakaa ndani ya chumba kilichofungwa umejaa moshi, na ule moshi wenyewe ni kuni, ni gesi inayowaka ikipata hewa. Watu wa nje wanaona moto kama umepoa. Halafu mtu anavunja dirisha. Mwaka 2012, mwaka ule ule Chicago Fire ilipoanza kuonyeshwa, zimamoto wa New York pamoja na watafiti wa UL na wa NIST, taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na vipimo, walichoma nyumba kadhaa za kweli kwenye kisiwa cha Governors Island wakaweka vipima joto kila chumba, na walichokiona kilibadilisha mafundisho ya kazi hii dunia nzima, kwamba kufungua dirisha au paa peke yake hakupoozi chumba kama tulivyofundishwa miaka yote, bila maji kuingia kwa wakati mmoja unauongezea moto nguvu na ndani ya dakika chache vyumba ambavyo mtu alikuwa bado anaweza kupona vinakuwa havifai. Na wakaona mlango wa chumba uliofungwa unavyookoa. Mtu aliyelala mlango umefungwa na aliyelala mlango uko wazi kwenye nyumba moja, korido moja, mmoja anatoka hai.

Kwa hiyo wale wanaokata paa kwa msumeno kwenye Truck 81 hawafanyi maigizo, ni kazi ya kweli na Chicago wanasifika nayo, lakini lazima aliye juu ya paa na aliyeshika mpira wa maji waongee. Akifungua wa juu kabla wa chini hajawa tayari na maji, au wa chini akaingia akidhani wa juu ameshafungua, mtu anakufa. Na baada ya hapo hakuna mkanda wa video wa kusema nani alichelewa sekunde ngapi. Kuna neno lilisemwa kwenye redio, mmoja anasema alilisikia, mwingine anasema halikusemwa. Nimeona watu wazima wenye wajukuu hawasalimiani kwa jambo la aina hiyo lililotokea wakiwa vijana. Kwa hiyo Severide na Casey wakirushiana maneno pale kituoni mimi siangalii kama tamthilia, pale wamenishika kabisa.

Tuje kwenye upelelezi maana najua mdogo wako ataniuliza. Kadri sizini zinavyokwenda Severide anakuwa bingwa wa kuchunguza chanzo cha moto, anapelekwa ofisi ya uchunguzi wa moto, OFI, na kwenye sizini ya 11, Kinney alipochukua likizo mwaka 2023, wakaandika kwamba amekwenda mafunzo ya upelelezi wa moto. Anaingia kwenye jengo lililoungua, anachuchumaa, anagusa mkaa, anaangalia ukuta, anasema huu umewashwa kwa makusudi, na kweli unakuta umewashwa.

Hapo nina neno na nalisema kwa uzito. Ile staili ya kuchuchumaa na kujua ndo hasa ilivyokuwa kazi hiyo zamani, na imeua watu. Kuna baba mmoja wa Corsicana, Texas, anaitwa Cameron Todd Willingham, Desemba 1991 nyumba yake iliungua na watoto wake watatu wa kike wakafia ndani, yeye akatoka. Wachunguzi wakaingia, wakaona alama sakafuni kama mtu amemwaga mafuta, wakaona vioo vimepasuka mistari mistari kama utando wa buibui, wakasema hii ni petroli, moto wa kawaida haufanyi hivi. Akahukumiwa kufa, akauawa Februari 2004. Shida ni kwamba sayansi ilikuwa imeshaonyesha zile alama si ushahidi wa petroli. Chumba kikipita flashova sakafu inaungua mapande mapande kama imemwagiwa kitu hata kama haikumwagiwa chochote. Na vioo vya ile mistari vinatokea kioo cha moto kikipigwa na maji ya baridi, yani mpira wa zimamoto wenyewe ndo umeviweka hivyo! Wataalamu walioipitia ile kesi baadaye walisema hakukuwa na msingi wa kisayansi wa kuuita ule moto wa makusudi. Mtu kafiwa na watoto watatu halafu naye akauawa kwa sababu ya kuchuchumaa kwa mtu aliyejiamini.

Ndo maana toka 1992 Wamarekani wana mwongozo, NFPA 921, unaomwambia mpelelezi asianze na jibu. Unaanza nje unaingia ndani, unaanza palipoungua kidogo unakwenda palipoungua sana, unapiga picha kabla hujagusa, unahoji aliyeuona moto wa kwanza na unamuuliza moshi ulikuwa rangi gani na unatokea dirisha lipi, unafuata nyaya za umeme mita kwa mita. Ukishuku mafuta unachukua kipande cha kapeti au cha mbao unakiweka kwenye kopo la bati, yale makopo ya rangi kabisa lakini mapya hayajawahi kutiwa rangi, unaligonga mfuniko likaze maana mvuke ukitoroka ushahidi umekwenda nao, na mfuko wa nailoni wa dukani haufai kwa sababu wenyewe unavujisha. Halafu linakwenda maabara na unasubiri. Majibu mengi yanarudi na neno moja, haijulikani, na mpelelezi mzuri ni yule anayeweza kuliandika hilo neno na kusaini. Severide halijui hilo neno. Mdogo wako akipenda upande huo nitafurahi sana, tuna upungufu wa watu wa hivyo, lakini aende akiwa na kemia na fizikia yake ya form six kichwani, kazi inaanzia hapo.

Sasa ule ukweli niliokuahidi, bega. Sizini ya kwanza Severide ana maumivu ya bega na shingo, hamwambii chifu. Anakwenda kwa Shay, rafiki yake wa kwenye ambulansi wanayekaa nyumba moja, anampa dawa za maumivu chini chini ili aweze kuingia shifti. Inaendelea hivyo mpaka inafika mahali haiwezekani tena, inabidi aseme, inabidi atibiwe. Watu waliona hiyo ni njia ya kumfanya jamaa mwenye sura nzuri aonewe huruma. Mimi niliona nusu ya watu niliofanya nao kazi.

Hii kazi ukisema naumwa unatolewa kwenye gari. Ukitolewa kwenye gari wewe ni nani? Kwa hiyo mtu anabeba mgongo wake, goti lake, sikio linalopiga kengele usiku, hasemi. Kule Marekani ambako wanaandika kila kifo, kwa miaka mingi karibu nusu ya mazimamoto wanaofia kazini ni moyo, si moto. Mtu ametoka usingizini saa nane usiku, kengele imelia, mapigo yanapanda ghafla, anabeba mzigo, joto, anarudi kituoni anakaa kwenye kiti hasimami tena. Na mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi yenyewe ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi moja na sigara na asbesto. Sasa muangalie Severide baada ya kila moto, amekaa kwenye bampa la gari, kofia pembeni, uso mzima masizi, hapo muziki laini unapigwa na kamera inamsogelea. Ile picha ndo inawavuta vijana wote, nina uhakika mdogo wako anayo kwenye simu. Yale masizi usoni ndo sumu yenyewe, inapita kwenye ngozi, shingoni hasa. Askari mzuri wa leo akitoka anapigwa maji akiwa bado amevaa maski, anavua vazi nje, anafuta shingo na mikono, vazi halipandi naye kwenye kebini na haliendi nyumbani kwa mke na watoto. Kofia chafu ilikuwa sifa enzi zetu. Nimezika wenzangu na sioni tena sifa hapo.

Na msiba pia wameupatia. Shay alipokufa, ilikuja kujulikana mwanzo wa sizini ya tatu mwaka 2014, Severide alipotea, na baadaye akaenda Las Vegas akamuoa msichana ambaye hata hajamjua vizuri, ndoa haikukaa. Nilisikia watu wanalalamika kwamba waandishi wamemharibu. Hawajamharibu. Mtu wa kazi hii akifiwa na mwenzake hakai chini akalia mbele yako, anafanya jambo la ajabu ambalo halina uhusiano, anauza shamba, anaoa, anagombana na mtoto wake. Na Otis, mwenzao mwingine wa kituoni, alipokufa mwanzo wa sizini ya nane kwa ule mlipuko wa boila kiwandani, mtu wa kumuangalia ni Cruz, rafiki yake, anavyobeba miaka mingi baadaye, anatajwa tu katikati ya mambo mengine na mtu anatazama chini. Ndivyo ilivyo. Hakuna episodi ya kumaliza msiba.

Kuna na baba yake, Benny Severide, naye zimamoto wa zamani, mtu mwenye jina kubwa mjini na nyumba iliyomshinda, wanawake huku na huku, mtoto anakua akimsikia baba kwa sifa za watu wa nje. Anakufa sizini ya saba bado hawajamalizana. Wewe dada hapo usiangalie kwa upande wa mdogo wako tu, angalia kwa upande wa familia, maana ninyi ndo mtakaoishi na zimamoto. Shifti ya Chicago ni saa 24 kazini na 48 nyumbani, sikukuu ikiangukia shifti yako ndo umeila kituoni. Severide kaja kutulia alipomuoa Stella Kidd, mwisho wa sizini ya 10, mwezi wa tano 2022, na Stella naye ni zimamoto, luteni wa Truck 81. Sishangai, wengi wetu tuliotulia tulitulia na mtu ambaye hakuhitaji kuelezwa kwa nini leo hatuongei.

Kwa hiyo msimkataze. Kijana aliyeipenda kazi kwa sababu ya Severide hana tofauti na sisi tulioipenda kwa sababu tuliona gari jekundu linapita. Lakini mwambie mambo mawili matatu kabla hajaomba. Kazi nyingi siyo moto. Kule Marekani karibu theluthi mbili ya simu wanazoitikia ni wagonjwa, kwetu 114 inapigwa kwa ajali, mafuriko, mtu kaingia kisimani, nyuki, na siku nyingi hakuna simu, kuna kuosha gari, kukagua mpira futi kwa futi, kufundisha shule ya msingi jinsi ya kutoka darasani. Ajifunze kuogelea kama hajui. Na aangalie tena ile sizini ya kwanza, safari hii asimuangalie Severide akiwa ndani ya moto, amuangalie akiwa peke yake anameza vidonge, ajiulize yeye angemwambia chifu lini. Akikujibu kwamba angesema siku ile ile, mlete kwangu nizungumze naye, maana huyo ndo ninayemtaka.

Na lako la Casey. Aliondoka kwenye episodi ya 200, Oktoba 2021, akahamia Portland, Oregon, kuwalea watoto wa kiume wawili wa Darden, yule yule aliyekufa episodi ya kwanza. Mama yao alishindwa kuwatunza. Wengi walikasirika lakini mimi nadhani ndo uamuzi bora kuliko yote waliyowahi kuandika humo, maana mtu aliyebeba kifo cha Darden moyoni miaka tisa angekwenda wapi tena. Alirudi kwa kutembelea sizini ya 11, na sizini ya 12 mwaka 2024 akarudi akamuoa Sylvie Brett wa ambulansi, wakaondoka wote na mtoto waliyemchukua kumlea. Severide alikuwepo harusini. Kwa hiyo kurudi moja kwa moja usimtegemee, labda aje tena kama mgeni.